Mwisho Ambao Sikuuandika

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa gauni nililoazima kwa dada yangu, nikapanda ngazi za kampuni moja ya vitabu katikati ya mji, nikapelekwa kwa Mhariri Mkuu. Hakunisalimu. Alinisogezea kalamu nyekundu na bunda la prufu, yaani zile kurasa za majaribio zinazochapwa kabla kitabu hakijatoka, akasema, "Kazi yako ni nukta, mkato na herufi zilizoruka. Maana ya maneno ina wenyewe."

Nilikuwa binti aliyemaliza shule juzi, baba kibarua wa bandarini aliyekuja mjini kutoka Lindi. Nikaitikia, "Sawa, mzee," nikakaa. Hao wenye maana nilikuja kuwajua baadaye, na hadi leo nikiwakumbuka damu inanichemka.

Vijana mnaokuja kunihoji mnauliza swali lilelile: hadithi zangu nilizitoa wapi. Nilizitoa Kariakoo, kwa masikio yangu. Tulipanga Mtaa wa Sikukuu katika nyumba ya Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, jiko na choo uani. Ukikohoa chumba cha mbele, wa chumba cha nyuma anakupa pole. Kila asubuhi kabla ya ofisi nilipita sokoni, nikashuka Shimoni, ile sehemu ya chini ya soko, saa ambayo wauza nazi wanazozana na wachukuzi. Sikubeba karatasi hata siku moja. Mtu akikuona unaandika anaanza kuongea kama anasoma taarifa ya habari. Niliokota sentensi moja iliyonikera au kunichekesha, nikaondoka nayo mdomoni, nikiirudiarudia hadi ofisini.

Jioni nilikaa uani kwenye kibao cha mbuzi, maharage yakichemka, nikaandika. Kila sentensi niliisema kwa sauti kwanza. Ikikwama mdomoni, haiandikwi. Wapangaji wenzangu walidhani nina uradi. Hivyo ndivyo mswada wangu wa kwanza, yaani kitabu kikiwa bado ni makaratasi ya mwandishi mwenyewe, ulivyokua karai kwa karai, sufuria kwa sufuria. Na mswada huo haukuwa na mwisho mpaka Shamsa aliponipa.

Shamsa alikuwa binti wa mwenye duka la viungo Mtaa wa Mkunguni, watu wenye asili ya Uarabuni, wa mjini tangu mababu. Tulisoma chuo kimoja cha Kurani utotoni. Aliozwa mfanyabiashara wa majora ya vitambaa, na mwanamume yule alikuwa anampiga. Kila Shamsa alipokimbilia kwa baba yake, baba alimshika mkono, akavuka naye barabara, akamrudisha. "Mke ana kwake," alikuwa akisema mbele ya wateja, huku anapima iliki.

Siku moja adhuhuri, Mtaa wa Kongo umefurika watu, Shamsa alitoka nyumbani kwa mumewe na kichwa cha cherehani amejitwika juu ya ngata ya kanga. Nilikuwa naenda kununua chakula kwa mama lishe, nikamwona kwa macho yangu. Mumewe alikuwa nyuma yake, anazungumza kwa sauti ya chini kama mtu mwenye adabu. "Shamsa, rudi ndani tuongee. Watu wanatazama." Na kweli watu walikuwa wanatazama. Wauza mitumba wakavuta meza zao kumpa njia. Shamsa hakugeuka. Alishika Barabara ya Uhuru, akapita Ilala na chuma kile kichwani, hadi Buguruni, akapanga chumba jirani na magereji, akaanza kushona. Baba alimfuata huko. Safari hii alimkuta amefunga mlango kwa ndani, anashona, na mlango haukufunguliwa. Baadaye Shamsa alikwenda mwenyewe kwa kadhi, akadai talaka, akaipata.

Nilimwendea kumwomba ruhusa ya kuandika. Alinisikiliza huku mguu uko kwenye pedali.

"Utanitaja jina?"

"Hapana. Nitakubadilisha sura, jina, kila kitu."

"Nifanye mfupi, nifanye mweusi, nifanye mbaya ukitaka," alisema. "Lakini usinirudishe, shoga yangu. Nimerudishwa vya kutosha."

Nikamwahidi. Nikauandika mwisho ule kama nilivyouona: mwanamke anapita sokoni na cherehani, hageuki, kitabu kinaishia hapo. Niliusema kwa sauti uani mpaka sufuria ikaungua.

Kampuni ilikubali kuchapa. Mimi mwenyewe, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, nilisoma prufu za kitabu changu, nikasahihisha nukta na mkato, nikatia saini. Mwisho wangu ulikuwemo. Kitabu kilipotoka kiwandani nilipewa nakala, nikaibusu, nikafungua ukurasa wa mwisho.

Mwanamke alikuwa amerudi. Alikuwa amefika njia panda, amelia, amemkumbuka mume, amegundua kwamba subira huvuta heri. Amepiga magoti mlangoni. Mume amemsamehe. Mume ndiye aliyesamehe, yeye mwanamke ndiye aliyesamehewa. Na maneno yalikuwa ya mtu ambaye hajawahi kushuka Shimoni hata kununua kitunguu.

Niliingia kwa Mhariri Mkuu bila kubisha hodi.

"Nani ameandika sura hii?"

Hakuinua macho. "Kaa chini, dada. Kitabu kimependekezwa shuleni. Unajua maana yake? Kitasomwa nchi nzima. Mwanamke anayeondoka akaishia hewani haingii shuleni."

"Hakuishia hewani. Aliishia Buguruni."

"Wasomaji wetu ni watoto. Wanahitaji funzo."

"Funzo gani, mzee? Kwamba akipigwa arudi?"

Hapo ndipo aliponitazama. "Nilikwambia siku ya kwanza. Maana ina wenyewe."

Nilikwenda kwa Meneja Uchapishaji. Huyo alikuwa mpole zaidi, na wapole wa aina ile ndio wabaya. Aliniagizia chai, akanifungulia mkataba wangu, akanionyesha kifungu kinachosema kampuni yaweza kufanya marekebisho yafaayo. "Nukta na mkato ni marekebisho," nilimwambia. "Hii ni kumchukua mtu barabarani na kumtupa alikotoka." Akatabasamu. "Mtu gani, dada? Hii ni riwaya. Hawa ni watu wa kubuni." Niliacha chai yake mezani, nikaacha kalamu nyekundu, nikaacha kazi.

Lakini habari ya Shamsa nisingeweza kuiacha. Nilimpelekea kitabu mwenyewe, asije akasikia kwa watu. Alisoma kurasa za mwisho amesimama, kidole kikifuata mistari. Mafundi wa gereji ya jirani walikuwa wanagonga bodi ya gari. Alipomaliza akasema, "Umenirudisha."

Nikamweleza. Mhariri, mkataba, prufu, yote. Aliacha niseme hadi nikaishiwa.

"Jina lililoandikwa juu ya jalada ni la nani?"

"Langu."

"Basi," akasema, akaketi, akaanza kushona. Nilisimama pale mpaka nikaona aibu kusimama.

Toka hapo tukawa watu wa kusalimiana harusini.

Nilipata kazi nyingine Upanga, kwenye kampuni ndogo ya vitabu vya watoto, chini ya Mkurugenzi mmoja mama wa Kihindi, mkali, ambaye hakugusa neno la mwandishi bila kumpigia simu. Kwake nilijifunza kwamba inawezekana, na hilo liliniongezea hasira kwa wale wa kwanza. Baadaye nikaandika hadithi za mfululizo kwenye gazeti la kila wiki, zile zinazokatwa pale mtu anapofungua mlango ili msomaji anunue tena wiki ijayo. Nilimwomba Mhariri wa Makala anichapie mwisho wangu halisi, sura moja tu. Aliusoma, akausifu, akanirudishia. "Wale jamaa wanatupa matangazo, dada yangu. Nielewe." Nilimwelewa vizuri sana.

Niliandika riwaya nyingine kadhaa. Ni nzuri kuliko ile; nasema hivyo bila kujitia unyenyekevu. Hakuna anayezijua. Ile ya kwanza ikawa kitabu teule, yaani kitabu ambacho wanafunzi wanatungiwa maswali ya mtihani, toleo baada ya toleo. Wahariri Wakuu walikuja na kuondoka, na kila mpya nilimfuata na sura yangu mkononi. Wa mwisho alikuwa kijana mwenye adabu. Alinisikiliza akasema, "Mama, hata mimi nakuelewa. Ila majibu ya mtihani yanafuata mwisho ule. Watoto wameshauzoea." Nilimuuliza kama uongo ukizoeleka unageuka nini. Akatazama simu yake.

Nikastaafu. Nyumba yetu ya Mtaa wa Sikukuu ilivunjwa ikajengwa ghorofa la maduka ya simu, wanangu wakanileta kwenye fleti Upanga. Madirisha yanafungwa vizuri. Siku nzima sisikii mtu akigombana, nasikia bajaji na mlinzi anayefungua geti. Wananiambia nipumzike, nina kila kitu. Mwandishi aliyezoea kusikia jirani akikohoa, ukimweka kwenye ukimya ule umemzika wima. Kalamu nimeiweka chini kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya uzee, na wakisema ni uzee nawakatalia.

Mwaka huu Shamsa alifariki. Nilikwenda msibani Buguruni, nikakaa mkekani na wanawake. Baada ya talaka aliolewa na fundi wa magari, mtu wa Masasi, mtaratibu, akazaa naye, akapata wajukuu. Mjukuu mmoja, Nasra, ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari. Alikuwa anawapa wageni maji, akanijua kwa picha iliyo nyuma ya kitabu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Poleni."

Akapiga magoti karibu yangu, akanong'ona, "Mimi kitabu chako ndicho nakifundisha. Kwa ile cherehani kichwani tunajua kilimhusu Bibi. Sisi nyumbani tunamsifu kwa ile subira yake. Kwamba aliondoka, akarudi, akavumilia mpaka yule bwana alipomwacha mwenyewe."

Niliweka glasi ya maji chini. Alimwacha. Mwanamke aliyetembea na chuma kichwani, aliyekwenda kwa kadhi kwa miguu yake, wajukuu zake wa kuzaa walikuwa wanamsimulia kama mtu aliyetemwa. Na aliyewafundisha hivyo alikuwa na jina langu.

Nilisema palepale, kwa sauti, mbele ya waombolezaji. Sikujali kama ni msiba. Nilisema hakurudi, hakuachwa, aliondoka na akadai talaka yake. Wanawake wakageuka. Mmoja mzee kutoka Kariakoo akasema, "Ni kweli. Mimi nilikuwa nauza mikoba ya mitumba Mtaa wa Kongo. Nilivuta meza yangu apite." Nasra alinitazama, halafu akamtazama yule bibi, akafunika uso kwa kanga.

"Mbona hakutuambia?" aliuliza.

"Mlimwuliza?"

"Hapana," alisema. "Tulikuwa tumeshasoma."

Wiki chache baadaye alinipigia simu, akanialika shuleni kwake. Nilikwenda. Darasa lilijaa, wengine wamekaa wawili wawili kwenye kiti kimoja. Niliwasomea sura yangu ya mwisho, ile ya kweli, kwa sauti, kama nilivyokuwa naisema uani. Walitega masikio kama watu wanaosikiliza ugomvi wa jirani. Mvulana mmoja wa nyuma alicheka kwa furaha niliposoma wauza mitumba wanavyovuta meza zao kumpa njia. Nilijisikia, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, kwamba nina kazi.

Kisha msichana wa mbele akanyoosha mkono. Mtoto mwembamba, anaongea taratibu. "Bibi, kwenye mtihani wakiuliza ujumbe wa mwandishi, tuandike huu wako au ule wa kitabuni?"

Nasra aliinamisha kichwa. Alijua jibu, ndiyo maana alikuwa hajaweza kulisema yeye. Nilimtazama yule mtoto. Ana mama aliyelipia sare ile, ana maisha yake ya kuyatafuta, na mtihani hautamwuliza Shamsa alikuwa nani.

"Andika wa kitabuni," nikamwambia. "Andika kwamba mwandishi anafundisha subira."

Akainama, akaandika. Darasa zima likaandika. Nilisikia kalamu zao zote, na nilikuwa na hasira kiasi kwamba Nasra alilazimika kunishika mkono hadi getini.