Sponji la Skuta ya Mama

Mwezi uliopita nilikwenda Tunduma kununua skuta. Si mpya, wala si ya kutambia watu. Ni ile ya bei ya wenzangu na mimi, iliyokwisha kutembezwa na mtu mwingine upande wa Nakonde mpaka akaichoka. Kijana aliyeniuzia alipiga kiki, ikawaka, akaniambia, "Mama, hapa ni kuweka mafuta na kuondoka." Nikamwambia anisaidie kuipakia kwenye gari la mizigo, leo siipandi. Akacheka, akadhani naogopa. Sikumweleza. Ningeanza kumweleza ningeachwa na gari, maana ningeanzia mbali, kwenye uwanja wa nyumba yetu ya Isansa, ambako vyuma vya skuta vilipangwa juu ya gunia kama dagaa walioanikwa.

Kama uliwahi kuishi kule kwetu, unaikumbuka baridi ya mwezi wa sita. Unaamka ukungu umekaa juu ya mibuni, vidole vinauma, na kahawa inakusubiri uichume hivyo hivyo. Kila mahali palinuka maganda ya kahawa yaliyochacha. Nyumbani tulikuwa wanne: bibi aliyemzaa mama, mama mwenyewe, mimi, na mdogo wangu wa kiume. Baba alikuwa amevuka mpaka kutafuta kazi kwenye migodi ya Zambia. Mwanzoni zilikuja salamu, kisha salamu nazo zikaacha kuja. Sitaki kumsema sana. Nataka tu ujue kwamba kwetu mtu mzima akisema anaondoka kwa muda, sisi watoto hatukumwamini.

Mama alikuwa mwalimu, na mwaka huo walimhamishia shule moja upande wa Nanyala. Kwa miguu usingeweza kwenda na kurudi siku moja ukabaki mtu, na magari yalipita kwetu siku za gulio tu. Mwalimu mkuu wa huko alimweleza wazi. Akiweza kufika kabla ya kengele akitokea nyumbani, hana neno. Akishindwa, ahamie chumba cha walimu pale shuleni. Chumba chenyewe tayari kilikuwa na mwalimu mwingine wa kike, na watoto wasingeingia. Sisi tungebaki na bibi, mama tungemwona shule zikifungwa. Tangu siku aliyotuambia hayo, mdogo wangu alilala ameshika upindo wa kitenge chake, na ukijaribu kuuchomoa anaamka.

Mama akauza kahawa, akaenda Tunduma, akarudi na skuta juu ya lori. Ilikuwa ya bluu, angalau sehemu zilizobaki na rangi. Taa ya mbele ilikuwa imepasuka na kiti kimeshonwa kwa uzi wa viatu. Mzambia aliyemuuzia, mama alipenda kutuigizia, alikuwa amempigapiga begani, akamwita mama kwa lugha ya kwao na kusema, "Mayo, hii injini strongi, itakufikisha uzeeni." Jirani yetu, mzee mwenye baiskeli na maneno mengi, alikuja kuizunguka mikono ikiwa mgongoni.

"Mwalimu," akauliza, "hii umenunua au umeokota?"

"Nimenunua, mzee wangu. Na siku ya kufungua shule itakupita njiani, kwa hiyo ukae pembeni."

Kijiji kizima kilitaka kumwona akiipanda siku ile ile. Hakuipanda. Alimwita fundi pikipiki aje amwonyeshe namna ya kufungua na kufunga, na fundi alipoondoka mama akatandaza gunia na kuanza mwenyewe upya. Likizo yote ya mwezi wa sita ilikwenda hivyo: asubuhi kahawa, mchana skuta. Kila nati aliigusa. Kebo za breki alizichomoa, akazipitisha kwenye oili mpaka zikateleza. Plagi tulisugua kwa msasa. Tangi tulilitia vijiwe na maji ya sabuni, tukalitikisa mimi na mdogo wangu huku na huku, na kutu iliyotoka ilikuwa nyekundu kama barabara ya kwetu. Matairi alinunua mengine, maana yale ya zamani yalikuwa na nyufa, na mama alisema hakwenda chuo cha ualimu ili aje kulala mtaroni.

Petroli wakati ule tuliinunua kwa chupa, na wauzaji wengine hawakuona vibaya kuiongeza mafuta ya taa. Kwa hiyo mama alikuwa anainusa kwanza, mbele ya muuzaji, bila aibu. Akiridhika anaichuja kwa kipande cha khanga kuukuu, ndipo anachanganya oili. Ikawa tabia yake. Alinusa petroli, alinusa oili, alinusa grisi, mpaka bibi akauliza kama siku hizi walimu wanafundishwa kunusa. Bibi mwenyewe aliiita skuta mgeni. Alikuwa anatuletea viazi vya kuchoma kwenye majivu, anasimama kidogo, anauliza, "Na mgeni wenu amekula?"

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho fundi alikikazia sana, na sisi hatukukiona kuwa kitu. Ni sponji, dogo tu, ukubwa wa andazi, linakaa pale injini inapovutia hewa ili vumbi lisiingie. Alisema lioshwe kila wiki kwa sabuni, likauke kabisa, lipakwe oili kidogo, lirudishwe. Mama akaliosha, akaliweka juani kwenye kichanja cha kahawa, likakauka kabla ya chakula cha mchana.

Shule zilipofunguliwa alimpita yule mzee njiani kama alivyomwahidi, na mzee alikaa pembeni. Kiangazi chote skuta ilikwenda na kurudi. Jioni mimi na mdogo wangu tulikaa kwenye kisiki mbele ya nyumba tukisikiliza. Yeye ndiye aliyekuwa anaisikia kwanza, ikiwa bado ng'ambo ya mikaratusi ya kanisani. Alikuwa anainua kidole tu, na mimi nakimbia kuinjika maji ya mama ya kunawa.

Kisha mvua zikaanza. Barabara ikawa tope, lakini mama hakuogopa tope, alikuwa amejiandaa nalo. Kilichomshinda ni jua. Kichanja kilikuwa kinatiririka maji, na sponji likioshwa Jumamosi, Jumapili jioni bado linatoa maji ukilikamua. Bibi akasema, "Niachie mimi hilo." Mama akamwachia yote, kuliosha na kulikausha, na bibi alikuwa analisuuza tu kwa maji matupu. Jumapili jioni bibi alimletea likiwa kavu, limefungwa kwenye kitambaa. Mama akalipaka oili gizagiza hivyo, akalirudisha, akashukuru, na ikawa hivyo kila wiki.

Lazima nikueleze jiko la bibi. Juu ya mafiga kulikuwa na dari la fito, na humo ndimo vilimokaa vitu vyote ambavyo hakutaka viharibike. Mahindi ya mbegu yalining'inia na maganda yake, meusi ti kwa moshi, na hakuna mdudu aliyethubutu kuyagusa. Maharage ya kupanda yalikuwa humo. Viatu vyetu vya shule vikilowa vilipandishwa humo, na ndiyo maana darasani tulinuka kama nyama ya kukausha. Kwa bibi, kitu kikipanda kwenye dari lile kimependwa.

Baada ya wiki chache skuta ilianza kukohoa mlimani. Kwenye tambarare ilikwenda, lakini ikifika kwenye mpando wa kutokea kwetu inapungua nguvu, inatoa moshi mzito, inazima. Mama akabadilisha plagi. Akafungua kabureta, akaipuliza. Akachuja petroli mara mbili. Siku moja aliisukuma mpaka juu, akafika shuleni wanafunzi wako mstarini na tope limemfika magotini. Siku nyingine hivyo hivyo. Ijumaa mwalimu mkuu akamwita. Mama alipofika nyumbani hakuficha, alitukalisha akatuambia maneno yale yale aliyoambiwa: "Mwalimu, sikufukuzi. Lakini Jumatatu nikigonga kengele hujafika, kile chumba kipo." Mdogo wangu akaacha kula. Yule jirani mzee akaja mwenyewe na baiskeli yake, amefuta hadi tope la matairi, akamwambia mama aichukue kwa muda wowote anaotaka. Safari hiyo hakuwa na utani. Mama alimshukuru sana, na wote wawili walijua baiskeli isingefika kabla ya kengele.

Jumamosi mama akatandaza gunia kibarazani, mvua ikinyesha hatua chache tu kutoka kwake. "Nitaifungua mpaka iniambie," akasema. Akaanza na kiti, akateremka. Kila chuma alikikagua, akakinusa, akanikabidhi nikiweke mahali pake. Kebo nzima. Plagi nzima. Petroli safi. Nilimwona midomo imekazana, na nikajua kwamba hata akikosa ataanza upya. Alipofika kwenye sponji hakuwa na nia ya kulitazama, alikuwa anaandaa maji ya kulifua tu. Lakini pua yake ilikuwa imezoea. Akalinusa njiani, akasimama, akalinusa tena, akanipa mimi.

Lilinuka jikoni kwa bibi. Lilinuka mahindi ya mbegu.

Alilitumbukiza kwenye maji ya sabuni na kulikamua, na maji yakawa meusi kama umeosha chungu. Akamwaga, akatia mengine, yakawa meusi tena. Masizi ya wiki zote zile yalikuwa yameziba kila kitundu. Injini ilikuwa inavuta hewa kama mtu aliyefunikwa blanketi usoni. Bibi alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya viazi.

"Nilikuwa nalitunza kama mbegu," akasema.

"Mama, mbegu inataka moshi. Hili linataka kupumua."

Bibi akaweka sahani chini, akakaa kwenye kigoda. "Basi mimi ndiye niliyekuwa nakuhamisha hapa nyumbani," akasema, na sauti yake ikakatika. Kabla ya hapo sikuwahi kumwona bibi akilia, hata habari za baba zilipokatika. Mama aliacha kila kitu, akaenda kuchutama mbele yake mikono ikiwa na povu.

"Hukunihamisha, mama. Hakuna anayehama hapa. Tutafute pa kulianika tu."

Lakini pa kulianika hapakuwepo. Jua halikuwa na dalili, na jikoni ilikuwa mwiko. Bibi alifuta macho kwa upindo wa khanga, akaomba apewe. Alilikamua mara ya mwisho kwa nguvu ambazo sijui alizitoa wapi, akalizungushia kitambaa cha pamba, akalipachika kifuani ndani ya sweta, na juu yake akafunga khanga kwa kukaza. Akakaa nalo. Alikwenda nalo kanisani Jumapili na kuimba nalo. Akila, mkono mmoja ulikuwa kifuani. Kila baada ya muda alibadilisha kitambaa kilicholowa kwa kikavu, na hakuruhusu mtu mwingine alishike. Jumapili jioni alilitoa, kavu, lina joto lake.

Jumatatu alfajiri tulisimama wote watatu uwanjani. Mama alipiga kiki, akaondoka, akatuachia moshi mwepesi. Hatukumwona kwa ukungu, tulimsikia tu. Akapita mikaratusi. Akaanza mpando. Nilimshika mdogo wangu mkono na yeye akanishika kwa kucha. Mlio ukapanda, ukapanda, ukafika pale ulipokuwa unakatika kila siku, ukapita. Ukavuka kilima, ukawa mdogo, ukaisha kwa kuwa umekwenda mbali. Bibi akaingia ndani kuchochea moto.

Mama hakulala katika chumba kile hata siku moja. Na mvua zote zilizofuata, mwaka hadi mwaka, sponji lilikaukia kifuani kwa bibi.

Bibi tulimzika, jiko lake likaanguka, na aliyenunua mahali pale hakujua kulikuwa na nini juu ya mafiga. Siku hizi mbegu tunanunua dukani kwenye mfuko, zimepakwa dawa. Mikaratusi ilikatwa. Bodaboda zinapita mlangoni kwangu tangu alfajiri, nyingi kiasi kwamba hakuna mtoto anayeinua kidole kwa ajili ya mlio wa mojawapo. Mdogo wangu yuko mbali na ana gari. Skuta ya bluu ilikwisha kipande kwa kipande, kuku wakatagia ndani ya ganda lake.

Mama yuko kwangu. Anasahau mengi, kuna siku ananiita kwa jina la dada yake. Kazini kwangu waliwahi kunishauri nihamie karibu, nimtafutie mama mtu wa kukaa naye. Wana nia njema. Nikawajibu nitakuwa narudi jioni, kila jioni, ndipo nikaenda Tunduma.

Nimetumia likizo yangu kibarazani na gunia. Nimegusa kila nati. Jana nilifua sponji, na unaijua mvua ya kwetu inavyokuwa ikiamua. Jiko langu la gesi lisingelidhuru kwa moshi, lakini sikuliweka hapo. Nililizungushia kitambaa, nikalipachika kifuani, nikafunga khanga nikakaza. Lina ubaridi mkali mwanzoni, bibi hakuwahi kutuambia.

Mama alikuwa kwenye kiti chake ananitazama. Akanyoosha mkono, akanigusa pale pale kifuani.

"Limekauka?"

"Bado, mama."

"Basi usiondoke kwanza," akasema, na akanisogezea kigoda.