Fundi wa Kujitolea

Juzi nilikuwa kwenye foleni katika ofisi moja hapa Korogwe. Jengo jipya, vigae vinang'aa, lakini vyoo vyote vimefungwa kwa kufuli kwa sababu pampu ya maji imekufa. Bosi wa ofisi alisimama mbele yetu, simu kaiweka sauti kubwa, akimpigia binti aliyekuwa fundi wa jengo hilo.

"Shikamoo bosi. Mimi sasa niko Handeni, kuna hoteli imeniajiri."

"Marahaba. Sasa unatuachaje? Si sisi tuliokupeleka kozi ya pampu?"

"Mlinipeleka, nashukuru. Niliporudi nikaomba ajira, mkaniambia niendelee kujitolea."

Bosi akakata simu, akatikisa kichwa. "Vijana wa siku hizi hawana shukrani." Kisha akamgeukia karani: "Tutafutie mwingine wa kujitolea."

Kujitolea! Neno zuri hili, la kujenga madarasa na kuchimba kaburi la jirani, leo ndilo la kumfanyisha mtu kazi bila mshahara! Tunampa ujuzi, tunamnyima ajira, halafu akipata kwingine tunasema hana shukrani.

Bibi mmoja, ambaye alishaulizia choo akaambiwa avumilie, akajikongoja hadi kwa bosi.

"Samahani baba. Na wewe hapa unajitolea?"

Bosi aliingia ofisini kwake, akaubamiza mlango. Ukafunguka wenyewe taratibu, maana kitasa nacho kilikuwa kinamsubiri fundi.