Sajini Hafsa na Nyota ya Luteni

Nyota ile Hafsa aliishona mwenyewe kwa cherehani yake, kibarazani kwake, mtaa wa Chemchem: pembe tano, uzi wa dhahabu. Kuishona kulimchukua asubuhi moja. Kuivaa kukamshinda miaka miwili.

Ngoma yao ya beni, ngoma ya gwaride na tarumbeta, ina vyeo kama jeshi. Babu zao walirudi Tabora kutoka vita vya wazungu wakiwa na malengelenge miguuni na tarumbeta masikioni, na vyeo ambavyo kule walinyimwa wakagawiana wenyewe huku. Kwanza walikuwa na ombasha, shaushi na efendi. Alipoondoka Mjerumani wakaja koplo na sajini. Baada ya uhuru akaongezwa brigedia. Mshika bendera pekee amebaki kuitwa kirangozi, jina la yule aliyetangulia misafara ya kwenda pwani.

Majina yalibadilika, lakini sheria mbili zilibaki. Cheo unavikwa kwa mkono wa aliye juu yako. Na ngoma haivuki geti bila afisa, kuanzia luteni. Sajini anafundisha gwaride, anapanga safu, anakemea. Kutoa ngoma, hapana.

Hafsa, mwenye miaka hamsini na minane, ni sajini tangu ujana. Aliyemvika ni Jenerali Idrisa kwa mkono wake. Jenerali alipofariki, afisa alibaki mmoja tu, Kanali Abasi, mpwa wake, anayeishi Dar es Salaam. Alikwenda huko akiwa koplo, akarudi kwenye arobaini ya mjomba wake na nyota begani, akasema marehemu alimvika hospitalini. Nani angebishana na mfiwa?

Tangu siku hiyo hakukanyaga tena Tabora. Hafsa akimwita aje amvike uluteni, mara mvua imekata reli, mara ruhusa kazini imekataliwa.

"Sajini, kwani lazima nije?" alisema safari moja kwenye simu. "Weka nyota begani, nielekezee kamera, nikupigie saluti."

"Afande, na nikikuchinjia jogoo, utamla kwa kamera vilevile?"

Alicheka, akakata simu. Vijana wakahamia kwenye spika kubwa za harusini. Wakabaki kumi na mmoja, wakipiga gwaride uani kila Ijumaa, wakienda na kurudi kati ya choo na ukuta.

Kisha Mwanahawa, binti wa marehemu kaka yake Hafsa, aliyemlea mwenyewe, akaposwa. "Shangazi," alisema, "mimi sitoki kwa spika. Nitoke na ngoma yenu, au nitoke kimya."

Hafsa akapiga simu. Hakubembeleza. Na Jumamosi ya harusi, Abasi akashuka basi.

Alikula. Kwa desturi, anayepanda cheo humlisha anayemvika, na Hafsa alipika pilau ya mbuzi mzima. Baada ya Alasiri safu ikasimama uani. Hafsa akaleta nyota kwenye sahani, akabana visigino.

Abasi hakuichukua.

"Sajini, twende pembeni kidogo."

"Semea hapahapa, Afande. Safu ni yako."

Akajifuta midomo. "Mjomba hakunivika. Alisema atanivika akipona. Nyota nilizikuta sandukuni mwake, nikazivaa ile arobaini ili ngoma itoke kwa ajili yake. Mngeitoaje bila afisa? Sasa mkono wangu hauna cha kukupa."

"Na pilau umekula," akasema Shaban, mpiga ngoma.

"Nimekula."

Mtu akacheka, akajikohoza. Hafsa hakucheka. Alihesabu Ijumaa zote za miaka miwili, koo lililokauka kwa kuita hatua, watu walioondoka mmojammoja. Sentensi moja kwenye simu ingetosha.

"Cheo chako cha mwisho cha kuvikwa?" akauliza.

"Koplo."

"Nani alikuvika?"

Abasi akainamisha kichwa. "Wewe."

Nje, gari la bibi harusi likapiga honi. Likapiga tena, refu.

"Koplo Abasi," Hafsa akasema, "safu ya nyuma."

Abasi akavua nyota za mjomba wake, akaenda nyuma.

"Shaban, toa ngoma."

"Kwa amri ya nani, Sajini? Afisa si hakuna?"

"Ya mkubwa aliyepo."

Shaban akatazama huku na huku, kama anayemtafuta mkubwa mwingine. Hakumwona. Akainua mikwaju. Kirangozi akafungua geti.

Wakatoka barabarani, bajaji zikipisha. Mwanahawa alipiga vigelegele vyake mwenyewe dirishani, bila kungoja wa kumpigia. Wengine walidhani Hafsa analia kwa furaha. Alikuwa na hasira tupu, hasira ya mtu aliyesimama mlangoni miaka miwili akingoja ufunguo, na mlango haukuwa umefungwa.

"Kushoto! Kulia! Kushoto!"

Nyuma kabisa kulikuwa na viatu vinavyochelewa.

"Koplo!" akafoka bila kugeuka. "Mguu! Umesahau hata mguu?"

"Nimesahau, Sajini."

"Utakumbuka. Mpaka kwa bwana harusi ni mbali. Kushoto!"