Bonde Linalotembea

Nyumbani walimwita Kiguu-na-Njia tangu akiwa mdogo, na jina halikumwonea. Ni mtu ambaye hajapata kumaliza kikombe cha chai akiwa ameketi. Shuleni aliwahi kuhamishiwa nyuma ya darasa kwa kosa la kutikisa dawati, akafanya mitihani yote akiwa wima, akafaulu vizuri kuliko waliotulia. Alipochagua kusomea fizikia ya mwanga, dada yake mkubwa alicheka mpaka akashika mbavu. "Afadhali," alisema. "Umepata kitu kinachokimbia kuliko wewe."

Alisomea mbali, akarudi na masanduku mawili, moja la nguo na moja la vioo. Chuo kikampa chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu. Aliziba dirisha kwa ubao, akafungisha kiyoyozi, akaingiza meza ya chuma nzito kiasi kwamba ilibidi mlango ung'olewe ndipo ipite. Juu yake alipanga leza, vioo vidogo kama sarafu, na kichupa cha glasi chenye mvuke wa madini. Kazi yenyewe, ukiivua majina yake marefu, ni hii: kila aina ya atomu ina rangi yake ya mwanga inayoimeza. Ukiilenga rangi hiyo barabara, mwanga unamezwa, na mstari kwenye skrini unabonyea. Panatokea bonde. Mahali hasa lilipo bonde ndipo penye habari, na kwa miaka kumi na tisa Kiguu-na-Njia alikuwa akipima mahali hapo, kila mara kwa usahihi zaidi ya mwanzo.

Halafu, usahihi ulipofika mbali kuliko wakati wowote, bonde likaanza kutembea. Akifika asubuhi na kuwasha mwanga, linakuwa mahali pake. Kufikia saa sita limesogea kidogo kulia, na jioni limesogea zaidi. Kesho yake asubuhi limerudi. Mtu mwingine angelaani mashine. Yeye alirukaruka, maana kulikuwa na nadharia iliyotabiri jambo la namna hiyo hasa: kwamba atomu zikikaa muda mrefu ndani ya mwanga hafifu, mwanga wa kuhesabika chembe kwa chembe, zingeanza kuumeza kwa namna tofauti kidogo. Hakuna aliyekuwa ameliona jambo hilo kwa macho. Akiliona yeye, katika stoo ya viti vibovu, basi maisha yake yote ya kutotulia yangekuwa na maana.

Kuanzia hapo akawa kama mama mwenye kichanga. Hatoki. Anazunguka meza, anachungulia skrini, anazunguka tena. Fundi wa maabara, mzee mtaratibu ambaye hata kukohoa anakohoa kwa mpango, alijitengea karakana chumba cha pili kwa sababu kumtazama tu kulimchosha. "Dokta," alimwambia siku moja, "hiyo mashine inajiandikia yenyewe. Kwani ukienda kula itakimbia?"

"Siwezi kuiacha, Fundi. Haiendi bila mimi."

Maneno hayo aliyasema sana mwaka huo. Aliyasema kwenye simu mama yake alipolazwa. Wiki tatu mama alikaa hospitali, na Kiguu-na-Njia alifika mara mbili, akasimama miguuni pa kitanda na funguo mkononi, akauliza maswali ya haraka haraka, akaondoka. Mama alipofariki alikwenda kuzika. Akakaa siku tatu, ya nne akarudi kazini. Dada yake hakumgombeza. Alimsindikiza hadi mlangoni akamwambia, "Mchanga bado mbichi, mdogo wangu," na tangu hapo wakawa watu wa salamu za simu, fupi fupi.

Hatimaye makala ikaandikwa, ikapelekwa kwenye jarida kubwa. Wahakiki waliisifu, wakaomba kitu kimoja tu: data ya siku zote, bila kuchagua. Ombi dogo. Likipita hilo, ugunduzi ni wake. Alichapa grafu za siku mia moja arobaini na mbili, akazibandika ukutani moja baada ya nyingine, akapita mbele yake huku akipiga mluzi. Kila siku mstari wa mwendo wa bonde ulipanda. Kila siku, isipokuwa tatu. Hizo zilikuwa zimenyooka kama rula.

Aliingia karakana bila hodi. "Fundi, siku hizi tatu ulizima leza!"

Fundi aliweka bisibisi chini, akafungua daftari lake. Kila siku, mara tatu, kwa mwandiko wake wa mviringo: leza inawaka, mwanga sawa. "Mimi nazima jiko, Dokta. Leza yako niliiwasha asubuhi ulivyoniagiza, sikuigusa tena mpaka jioni. Tazama tarehe."

Alitazama. Zilikuwa siku za msiba.

Alitoka, akaenda hadi mwisho wa korido, akarudi, akaenda tena. Mwanga ulikuwapo siku hizo. Atomu zilikuwapo. Kiyoyozi kilikuwa kikivuma. Alihesabu kila kilichokuwamo chumbani na kila kilichokosekana, na alipomaliza kuhesabu akasimama. Kilichokosekana kilikuwa kimoja.

"Nifungie nje," alimwambia Fundi.

Fundi alivuta waya hadi karakana ili skrini ionekane kutoka huko, akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni. Siku ya kwanza bonde halikusogea. Siku ya pili halikusogea, ingawa Kiguu-na-Njia aliikanyaga korido hadi Fundi akamwomba avue viatu. Siku ya tatu aliingia na kiti, akajilazimisha kukaa, magoti yakimcheza. Baada ya dakika arobaini bonde likaanza kwenda kulia. Akatoka. Likarudi polepole.

Mtu mzima hutoa joto sawa na balbu ya wati mia. Hilo lipo katika vitabu vya mwaka wa kwanza, na yeye mwenyewe aliwahi kulifundisha. Chumba kilikuwa kidogo, na kipimajoto kilikuwa kimetundikwa chini ya kiyoyozi, mahali ambapo daima palikuwa pa baridi, kwa hiyo hakikusema lolote. Joto la mwili wake lilikuwa likikivimbisha kishikizo cha kioo kimoja, unene mdogo mno kwa jicho, wa kutosha kwa bonde. Ili amalize ubishi, Fundi alileta taa ya mezani yenye balbu ya wati mia, akaiweka juu ya kiti cha Dokta, akafunga mlango. Bonde likatembea njia ile ile, hatua kwa hatua.

"Basi nimekupatia msaidizi," Fundi alisema. "Na huyu anakaa." Akajuta papo hapo, kwa sababu hakuna aliyecheka.

Dokta alikuwa na njia ya kupona. Angeweza kuziondoa siku zile tatu na kuandika kwamba mtambo haukuwa na mwangalizi. Wangemwamini, na tena ilikuwa kweli. Kwa siku mbili alizunguka na wazo hilo, akila akitembea, akijibu watu nusu nusu. Asubuhi ya tatu akamwandikia mhariri kwamba anaondoa makala. Ugunduzi, aliandika, ulikuwa joto la mwandishi. Akabonyeza kutuma kabla mkono haujabadili nia, na akachukua mkoba.

Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi. Dada yake alipofungua mlango alishtuka. "Kuna nini? Wamekufukuza kazi?"

"Hapana, dada."

"Sasa mashine umemwachia nani?"

"Hakuna mtu."

Dada akampisha. Kiguu-na-Njia alisimulia yote akiwa amesimama jikoni, anashika hiki, anaweka kile. Aliposimulia habari ya balbu kwenye kiti, dada aliangua kicheko, kile cha zamani cha kushika mbavu, na kwa muda kidogo wote wawili wakacheka. Kisha dada akajifuta macho.

"Ngoja. Unasema ilikuwa inakwenda vizuri pale ambapo hukuwepo?"

"Ndiyo."

"Hata zile wiki tatu za hospitali? Ungeiacha tu?"

"Ningeiacha ingekwenda vizuri zaidi." Akakitua kikombe alichokuwa amekishika. "Alikuwa akiniulizia?"

Dada alivuta kiti, akakaa, akaikunja kanga mapajani.

"Kila mlango ulipofunguliwa," alisema. "Mimi nilikuwa nakusema vibaya, sikufichi. Nilikusema mbele yake. Alinikataza. Kila siku alinikataza. 'Mwacheni mwanangu,' alikuwa akisema. 'Ile kazi haiendi bila yeye.'"