Kamba ya Ndama

Nilijifunza kupiga kasia nikiwa na miaka ishirini na miwili, umri ambao watoto wa ziwani wameshalichoka. Kwetu ni Kimali, Meatu, na maji mengi niliyowahi kuyaona kabla ya hapo yalikuwa ya lambo la kunyweshea ng'ombe. Chuo cha ualimu nilichopangiwa kilikuwa kando ya ziwa, upande wa Busega, na kila bweni lilikuwa na mtumbwi wake wa mbao wa kushindania. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Sabuni ilikuwa imerudi madukani, wenzetu walitoroka vipindi kwenda kuuza mitumba gulioni, na mkuu wa chuo alikuwa akitafuta mtu mmoja wa kumfukuza ili wengine waogope.

Nahodha wa bweni letu alikuwa kijana wa Mkula, mtoto pekee wa mama mjane. Ndiye aliyenifundisha, na alinicheka sana. Alisema navuta kasia kama napalilia pamba, akaniweka nyuma yake ili asiyaone makosa yangu. Sijapata rafiki mwingine wa namna ile, na sababu naijua.

Wiki ya mashindano, baada ya mazoezi ya mchana, aliitwa ofisini akaniachia mtumbwi niufunge. Kwetu ndama hufungwa kamba fupi, fundo la kukaza, asije akamfikia mama yake akamaliza maziwa kabla ya kukamua. Nikaufunga hivyo hivyo kwenye gogo pale maweni, nikajisifu moyoni kwamba leo hautacheza. Sikujua kwamba mtumbwi huachiwa kamba ndefu, mawimbi yakipanda nao upande. Saa tisa, tukiwa darasani, upepo mkali ukavuma kutoka ziwani. Ulipotulia tulikuta pua ya mtumbwi imeshikiliwa chini, maji yamejaa, na mbao za ubavuni zimepasuliwa na mawe.

Nahodha alifika wa kwanza, mimi nyuma yake. Alilitazama fundo, akanitazama, kisha akainama akalifungua kwa meno kabla mkuu hajafika.

Mkuu alituita sote wawili akauliza nani aliufunga. Nahodha alinigeukia kwanza. Alikuwa ananipa nafasi. Nililijua hilo siku ile kama ninavyolijua leo. Lakini niliogopa kurudi kuchunga. Baba alikuwa ameshautangazia ukoo mzima kwamba mwanawe ni mwalimu. Nikavitazama vidole vya miguu yangu.

"Ni mimi," nahodha akasema.

Alifukuzwa Ijumaa. Nilimbebea sanduku hadi barabarani. Yeye ndiye aliyezungumza, akinihimiza nisome kwa bidii. Nilihitimu, nikapangiwa Mwamapalala. Yeye akapiga makasia kwa wanunuzi wa sangara miaka kadhaa, kisha akaanza kuugua kifua. Kila likizo nilipanga kwenda kumwomba radhi, na kila likizo nilijitafutia kazi nyingine. Nilikuwa mwoga, basi.

Nilifika Mkula siku ya tatu ya matanga yake. Mama yake alikuwa ameketi mkekani na majirani wawili. Nilimpa pole, nikamwita mayu, kama Wasukuma tunavyowaita mama zetu, kisha nikamwambia yote kwa mkupuo: kwamba mtumbwi niliufunga mimi, na mwanawe hakuwa na kosa lolote. Nilitegemea atalia, au atanifukuza.

Alivuta kanga yake akafunika magoti.

"Najua," akasema. "Aliniambia siku ile ile aliyorudi na sanduku. Akaniapisha nisikuchukie. Alisema wewe utakuwa mwalimu kwa ajili yenu wawili."

Nilimuuliza kama ameweza kutonichukia.

"Nimejaribu, mwalimu," akasema. "Kila nilipokuchukia alikuwepo wa kunikataza. Sasa hayupo."