Pakiti Chini ya Mto wa Wifi

Karatasi ya maabara ndiyo iliyonipa jina mtaani kwetu hapa Multan. Ilikuwa inadanganya watu, na aliyeiacha idanganye ni mimi.

Naitwa Tasnim. Kazi yangu ni kuumika wanawake, hijama, kuwatoa damu kwa vikombe. Nilianzia chumba cha juu, nyumbani kwa kaka yangu, na miezi miwili sikupata mteja hata wa kusingiziwa.

Aliyenionea huruma ni wifi yangu Nahid, mke wa kaka. Yeye ni fundi wa kudarizi nguo za maharusi, na vidole vyake vilikuwa vikivimba hadi asubuhi hawezi kushika sindano.

"Niumike mimi, wifi," akasema. "Wakiona nimepona watakuja wenyewe."

Tukapima damu kwanza. Kipimo cha uvimbe wa ndani kikasoma sitini na nne, na kawaida hakizidi ishirini. Nikamuumika kitandani kwake tarehe kumi na saba, kumi na tisa na ishirini na moja za mwezi mwandamo, siku zenyewe zinazotakiwa. Tukapima tena. Tisa!

Jamani, nilicheza. Nikazibandika karatasi zote mbili ukutani, na wanawake wakapanga foleni mpaka kwenye ngazi.

Sasa sikieni nililolificha.

Ile tarehe ishirini na moja, wifi akiwa bafuni, niliinua mto wake nitandike taulo. Chini yake nikakuta pakiti ya vidonge vya maumivu ya viungo, vya hospitali. Nusu vimeshamezwa. Kumbe alikuwa akimeza kimyakimya, asinivunje moyo.

Nikairudisha pale pale, nikajikausha.

Mwezi uliofuata akaniuliza, huku anakunja vitambaa vyake, haniangalii usoni.

"Wifi, hivi mtu anayetumia na dawa za hospitali, si anaweza kuziacha sasa? Damu si imekaa sawa?"

Hapo ndipo pa kusema. Lakini juu kulikuwa na wateja wanne wananingoja, wanaisoma ile karatasi.

Nikamjibu, "Karatasi si umeiona mwenyewe."

Akaacha dawa.

Uvimbe ukarudi, tena na hasira. Akaniita tarehe mbili ya mwezi, mikono ameilaza mapajani. "Niumike leo, wifi. Naungua."

Na mimi na ujuaji wangu: "Vuta subira mpaka kumi na saba. Siku zile zina baraka zake."

Akavuta. Nikamuumika, akapata nafuu ya siku tatu, maumivu yakarudi, nikamwambia tena tungoje mwezi uandame. Miezi saba tukaishi hivyo, macho juu kutafuta mwezi, na hospitali iko mwendo wa dakika kumi. Mwishoni chapati alikuwa akikatiwa na binti yake, Kiran.

Kaka akachoka, akampeleka. Kipimo kikasoma tisini na moja. Daktari akasema vidole viwili vya mkono wa kulia vimeshapinda, havitanyooka tena.

Ule ndio mkono wa sindano. Shela ya harusi ya Kiran ilikuwa imefika nusu.

Roho ilinisuta. Siku ya tatu nikaenda kukaa miguuni pake.

"Wifi, nisamehe. Vile vidonge niliviona. Chini ya mto, siku ile."

"Najua."

"Unajua?"

"Uliirudisha pakiti imepinduka. Mimi naweka maandishi juu." Akaivuta ile shela mapajani. "Ndiyo maana nilikuuliza wewe. Nikasema moyoni, Tasnim ameviona, anajua kila kitu. Yeye akisema niache, basi ana uhakika."

Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Alinisukumia ile shela.

"Shika sindano. Mimi nitakuelekeza. Kiran anaolewa mwezi ujao."

Nikadarizi huku nalia, mishono inakwenda upande. Mara tatu akaniambia nifumue.

Karatasi nimezibandua. Kuumika bado naumika, maana wapo wanaosema migongo iliyokaza inawalegea, na nashukuru. Lakini kabla sijagusa kikombe nauliza: unameza dawa gani? Na simwambii mtu aache, hilo ni la daktari wake.

Na wewe unayesoma, ukiulizwa jambo unalolijua, lijibu. Huenda aliyekuuliza anajua kwamba unajua, na ameshaamua kukuamini.