Picha Arobaini na Moja Zilizongoja Idhini Yangu

Ile fremu ya picha nilimnunulia Mama mimi mwenyewe, saa ya chakula cha mchana, katika duka moja la vifaa vya umeme pale barabara ya Luthuli mjini. Ilikuwa ndogo, kiasi cha daftari la mtoto wa shule, na ukingo wake wa plastiki ulipakwa rangi ufanane na mbao. Unaichomeka kwa stima, unaiunganisha na intaneti ya nyumbani, na tangu hapo yeyote aliye na programu yake kwenye simu anaweza kutuma picha akiwa popote. Picha inakaa kidogo, inaondoka, inakuja nyingine. Muuzaji alinionyesha jinsi ya kuandika maneno chini ya kila picha. Hapo ndipo nilipoamua kuinunua, kwa sababu Mama alikuwa ameanza kutusahau, na muuguzi wa kliniki alikuwa ametuambia tumwonyeshe nyuso za watu wake kila siku.

Watu wake tulikuwa wachache. Baba alishafariki. Kaka yangu alikuwa dereva Qatar. Mke wake, wifi yangu, aliishi na Mama nyumbani kwetu Dagoretti. Mimi, ambaye sikuolewa, nilipanga chumba Muthangari na kufanya kazi ya mapokezi katika ofisi moja mjini. Kila Jumapili baada ya kanisa nilikwenda kumwona Mama. Nilibeba mkate na ndizi, nikakaa mpaka saa kumi, nikarudi.

Wifi alikuwa ameishi na Mama miaka tisa. Alitoka magharibi mwa nchi, na alipokuja hakujua neno hata moja la lugha yetu. Alijifunza kwa Mama, jikoni, wakichambua maharagwe, hadi akaizungumza kwa methali na matusi yake. Mama alipoanza kuugua, ni wifi aliyemwogesha, akamlisha, akamkata kucha, akamfulia shuka zilizolowa. Mimi nilikuwa nalijua hilo. Nataka lieleweke kwamba nilikuwa nalijua.

Nilipoiweka fremu juu ya kabati, mbele ya kiti cha Mama, nilijiandikisha mimi kuwa msimamizi wake. Programu inamtaka mmoja. Wengine wanaweza kutuma, lakini msimamizi ndiye anayefuta na kupanga. Nilimwonyesha wifi jinsi ya kutuma, na wiki ile ile akaipenda. Alituma kila kitu: Mama akinywa uji, Mama na kuku, yeye na Mama wamefunga vilemba vinavyofanana. Kaka naye akatuma jangwa na lori lake. Mama alikaa mbele ya kile kioo asubuhi hadi jioni, akizitaja nyuso kwa sauti kama mtu anayesoma Biblia.

Jumapili moja niliingia, nikamwinamia kumsalimu. Mama akaniangalia, akaangalia fremu, akamgeukia wifi.

"Huyu ni nani?"

Wifi alicheka. Alikuwa na sufuria mkononi. "Mama, si ni yule dada yetu wa Jumapili!"

"Aa," Mama akasema. "Wa Jumapili. Mwambie aketi." Kisha akamshika wifi mkono, akasema, "Na wewe binti yangu, usisimame sana, utachoka."

Nikaketi. Nilikula chakula changu chote. Wifi hakusema lile neno kwa ubaya, na leo naweza kuapa hivyo. Wakati ule nililibeba mpaka Muthangari, nikalala nalo, nikaamka nalo.

Jumatatu, wenzangu walipotoka kwenda kula, nilifungua programu pale mezani. Ukibonyeza picha kwa muda kidogo, inatokea alama ya tiki, na chini kunatokea pipa la takataka. Nilichagua picha moja ya wifi na Mama. Programu ikaniuliza kama nina uhakika. Nilikuwa nao.

Sikuzifuta zote kwa siku moja, mtu angeona. Nilifuta mbili, siku nyingine tatu. Zile ambazo Mama alizipenda sana sikuzifuta, nilizikata. Programu inakupa kisanduku unachokivuta kwa kidole mpaka ubaki na unachokitaka. Katika moja nilimwondoa wifi mwili wote, ukabaki mkono wake begani kwa Mama. Nikaitazama, nikavuta kidogo zaidi, mkono nao ukatoka. Kisha nikaweka picha zangu. Chini yake niliandika kwa herufi kubwa: BINTI YAKO WA PEKEE.

Iliendelea karibu miezi miwili, na ilikuwa saa yangu nzuri kuliko zote za siku. Nilikuwa nikila chapati kwa mkono mmoja na kufuta kwa mwingine.

Nilipoona wifi anatuma nyingine kila siku, nilitafuta ndani ya programu nikakuta sehemu ya kuamuru picha zote mpya zingoje idhini ya msimamizi. Nikaiwasha. Baada ya siku chache alinipigia.

"Dada, hii fremu imekataa picha zangu. Natuma, hazionekani."

"Labda ni network," nikamwambia. "Ama imejaa. Ngoja nitaiangalia Jumapili."

"Sawa dada. Pole kwa kukusumbua kazini."

Jumapili niliiangalia. Nilibonyeza bonyeza mbele yake, nikasema imetengemaa. Alinishukuru, akanipakulia nyama ya mfupa. Nilipokuwa nakula aliniambia kwa sauti ya chini, "Mama ananiangalia vibaya siku hizi. Jana alikataa nimvue nguo. Aliniuliza nimetumwa na nani." Nikamwambia ndivyo ugonjwa ulivyo.

Kilichotokea kilitokea siku ya Alhamisi. Wifi alikwenda sokoni asubuhi kununua sukuma na viazi, kama siku zote. Aliporudi alikuta mlango umefungwa kwa ndani. Akagonga, akaita kwa lugha yetu, "Mama, ni mimi, nifungulie." Mama akafungua dirisha na kupiga kelele za mwizi.

Majirani wakatoka. Wengi walimjua wifi kwa miaka mingi na wakasimama wakicheka kidogo, hawajui wafanye nini. Lakini kulikuwa na mpangaji mgeni katika ploti ya jirani, mwanamume mwenye nguvu, na yeye alisikia mwizi akamshika wifi mkono akaukunja nyuma. Viazi vikamwagika. Mama akaileta fremu dirishani, waya unaning'inia, akainua juu watu waione. Alikuwa ameing'oa kwenye stima, na ile fremu ikizimwa inabaki na kioo cheusi.

"Watu wangu wako humu!" akapiga kelele. "Nawaona kila siku. Huyu hayumo! Muulizeni kama yumo!"

Wifi akamjibu kwa lugha yetu, kwa upole, akimwita jina ambalo ni yeye peke yake aliyemwita nalo. Hapo Mama akawa mkali zaidi.

"Umejifunza lugha yetu ili utuibie," akamwambia.

Jirani mmoja mzee ndiye aliyemwachisha yule mpangaji. Hayo yote niliambiwa baadaye na watu watatu tofauti, na kila mmoja aliyakumbuka maneno yale ya mwisho sawasawa.

Nilipigiwa simu, nikaomba ruhusa kazini. Nilipofika, saa nane mchana, wifi alikuwa ameketi juu ya jiwe nje ya mlango. Alikuwa ameketi hapo tangu saa nne. Viazi alivikusanya akavipanga kando ya miguu yake. Mkono wake ulivimba karibu na kiwiko.

"Dada," akasema, "picha zangu ziko wapi?"

"Picha gani?"

Akanipa simu yake. Alikuwa amefungua ukurasa ambao sikujua kama wengine wanauona. Picha zake zote zilipangwa pale, ndogo ndogo, na juu yake maneno: zinangoja idhini. Chini ya maneno hayo lilikuwa jina langu. Zilikuwa arobaini na moja.

"Nimekaa hapa saa nne nzima," akasema. "Nimekuwa na wakati wa kuisoma hii kitu vizuri."

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli, na hakukuwa na mtu mwingine aliyesikia. Nikasema, "Mimi pia hii mashine siielewi vizuri. Lazima iliharibika."

Alinitazama tu, hata kwa hasira hakunitazama, kama mtu anayejaribu kumsoma mgonjwa.

Wakati huo Mama alisikia sauti yangu, akafungua mlango. Aliniona, akanyoosha mikono, akaniita kwa jina langu. Mwaka mzima hakuwa ameliita. "Binti yangu wa pekee," akasema, "umekuja." Akanikumbatia akilia. Alinukia sabuni ambayo wifi alimwogeshea. Nami nilifurahi. Sitaliremba. Wifi alikuwa nyuma yangu na mkono uliovimba, na mimi nilifumba macho nikafurahi.

"Mfukuze huyo," Mama akaninong'oneza.

Nikageuka, nikamwambia wifi, "Labda nenda kwanza kwa dada yako Kangemi, Mama atulie. Siku mbili tatu."

Nilimtolea nguo zake mimi, kwa sababu Mama hakumruhusu kuingia. Nilizijaza katika begi moja na mfuko. Nilisahau viatu vyake vya kanisani, na hakuvidai.

Nikaomba likizo, nikahamia Dagoretti. Usiku wa kwanza Mama aliniita jina langu mara mbili. Asubuhi nilimpeleka bafuni na karai la maji ya moto. Maji yalimwingia machoni. Akanipiga kofi.

"Siyo hivyo!" akasema. "Yule mwingine hanimwagii machoni. Yule mwingine anaweka mkono hapa kwanza." Akajiwekea kiganja kwenye paji la uso kunionyesha.

"Yule mwingine nani, Mama?"

Hakujua. Alifikiri kwa muda mrefu, uchi, akitetemeka, kisha akaanza kulia kwa kumtafuta mtu asiyemjua. Ikawa hivyo kila asubuhi. Mwili wake ulimkumbuka wifi, na macho yake nilikuwa nimeyafundisha kumwogopa.

Wiki ya pili nilifungua programu, nikaziidhinisha zote. Arobaini na moja. Nikaketi na Mama kiti kwa kiti zilipoanza kupita. Nilikuwa nimeandika chini ya kila moja: MKE WA MWANAO, ANAKUPENDA. Ikaja moja wamefunga vile vilemba tena. Mama akakunja uso. Ikaja nyingine, na nyingine. Akaanza kupumua kwa nguvu.

"Ameingia," akasema. "Ameingia mpaka humu ndani na watu wangu." Akaichukua fimbo yake akakipiga kioo. Kilipasuka pembeni lakini picha hazikusimama, na kila wifi alipotokea Mama alipiga tena, hadi nilipochomoa waya.

Kaka alinipigia siku hiyo hiyo. Mkewe hakuwa amemwambia chochote ila kwamba Mama hamtaki. Ni mimi niliyemwambia yote, kwa sababu nilikuwa nimechoka.

"Ulikuwa unamfuta mke wangu," akasema, "ukiwa unakula lunch?"

"Ndiyo."

"Sawa," akasema, akakata.

Nilikwenda Kangemi Jumamosi. Wifi alikuwa amepata nafasi ndogo kando ya meza ya dada yake sokoni, anamenya nduma na kuziuza katika vifuko. Nilisimama mbele yake na kumwambia yote, tangu lile neno la Jumapili. Alimenya akisikiliza. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Ulianza na ipi?"

Nikamwambia. Ilikuwa ile ya siku ya maombi ya Mama, yeye amevaa gauni la kijani, Mama amemlalia begani.

"Hiyo ulinipiga wewe," akasema. "Uliniambia nisogee karibu na Mama."

"Nisamehe, wifi."

"Nitakusamehe. Mchungaji atanilazimisha." Alifuta kisu kwenye leso. "Lakini sirudi. Nimemwogesha mama yako miaka hii yote, na mwisho wake umenifanya niitwe mwizi na mtu niliyemkata kucha. Na wewe ukajua. Ulikuja pale nje ukajua, ukanipakia begi."

Mteja alifika, mwanamke na mtoto mgongoni. Wifi alimgeukia kwa uso mwingine kabisa, wenye tabasamu, akamwambia, "Karibu, mama, zimetoka leo." Nikangoja amalize kumhudumia. Alipomaliza alichukua nduma nyingine, na hakuinua tena macho.

Kazi ya mjini nimeiacha. Mama ninamwogesha mimi, na mkono ninauweka kwenye paji la uso kwanza, lakini anasema si wenyewe. Jina langu lilipotea kabla ya Krismasi. Sasa ananiita "wewe", na siku akiwa mchangamfu ananiuliza kama kwetu ni mbali.

Kaka alirudi kwa likizo mwaka huu. Alikwenda kulala Kangemi kwa mkewe, na Jumapili akaja peke yake kumwona Mama. Salamu yangu aliiitikia kwa kichwa. Nilipika, nikaandaa meza. Mama alimtazama sana yule mwanamume mwenye ndevu, kisha kitu kikamfunguka ndani.

"Wewe ulioa," akamwambia. "Si ulioa?"

"Nilioa, Mama."

"Msichana mzuri. Ananicheka nikitukana." Akaangaza chumbani. "Yuko wapi? Mbona tunakula na hayupo?"

Kaka aliweka kijiko chini. Alinitazama mimi, na akaendelea kunitazama, akaniacha nijibu.

"Ametoka kidogo, Mama," nikasema.

"Basi mwekee chake," Mama akasema, "na ukifunike, kisipoe."

Nikainuka, nikapakua sahani ya nne, nikaifunika.